Kamera ya mtoto, TV ya sebuleni na vile tunadanganyana

Kila nikiongea na majirani hapa Kayole kuhusu kamera za waifai naambiwa, "Mimi si mheshimiwa, nani atahangaika kunichungulia?" Hii ndio dhana inatuumiza zaidi. Ukweli ni kwamba hakuna mtu anakutafuta kwa jina, ni programu inazunguka intaneti nzima ikibisha kila mlango na kujaribu paswadi za kiwandani, zile za admin na 12345. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilitumia paswadi kama 60 tu za aina hiyo kikateka kamera na rauta malaki, mpaka Oktoba zikatumika kuiangusha Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa inaelekeza watu kwa tovuti wanazotafuta, Twitter na Netflix zikakatika kwa watu wengi. Wenye hizo kamera walikuwa watu wa kawaida kama sisi.

"Lakini mimi nilibadilisha paswadi ya waifai." Haitoshi jamani! Kamera ina akaunti yake. Mimi fundi aliniwekea kamera chumba cha mtoto, akafungua akaunti na simu yake eti ndio tusichelewe, mimi akaniongeza kama mgeni, nikamlipa na pesa ya chai juu. Miezi minne baadaye ndio naona mwenye kamera ni yeye. Miezi minne yote angeweza kumuona mtoto wangu amelala, na dada wa kazi akibadilisha nguo humo humo, na dada hata sikuwa nimemwambia kamera inaangalia wapi, hiyo ilinichoma sana nikamwomba msamaha. Nikabonyeza kale kashimo ka nyuma mpaka ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, nikasajili upya na namba yangu.

TV nayo, watu husema ni ya kutazama tu. Vizio, kampuni ya TV ya Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 2.2 mwaka 2017 kwa kurekodi vitu watu wanatazama kwa TV milioni 11 bila kuwaomba ruhusa. Ingia kwa setingi za faragha uzime hiyo kitu, ni dakika mbili.

Halafu kufuta programu kwa simu si kufuta data, video zako zinabaki kwa seva zao. Funga akaunti kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakuruhusu kudai zifutwe, na wakikupuuza peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.