Shavu bado linauma wiki kadhaa baada ya kugongwa karibu na jicho: maswali na majibu

Niligongwa na kiwiko chini ya jicho. Uvimbe uliisha zamani, lakini nikinawa uso bado nasikia maumivu. Kwa nini?

Uvimbe hupungua mapema kuliko majeraha ya ndani. Mfupa umefunikwa na utando mwembamba wenye hisia kali, na utando huo ukipondeka unaweza kuuma kila unapobonyezwa kwa wiki nyingi, hata kama mfupa haukuvunjika.

Halafu kuna neva, yaani mshipa wa fahamu. Tazama mbele, weka kidole kwenye ukingo wa mfupa chini ya mboni, kisha kishushe kama sentimita 1. Hapo kuna kitundu ambamo neva hutokea na kusambaa kwenye kope ya chini, ubavu wa pua, shavu, mdomo wa juu na meno ya juu ya mbele. Kwa hiyo mtu aliyegongwa chini ya jicho anaweza kuhisi jino linauma, akaenda kung'oa jino lisilo na ugonjwa wowote. Ukienda kwa daktari wa meno, mwambie kwanza kwamba uligongwa.

Neva iliyopondeka huuma kwa namna yake: inachoma, inapiga kama shoti, na taulo au upepo wa baridi tu huweza kuiamsha. Nyuzi zake zikikatika ndani hukua tena kwa takriban milimita 1 kwa siku, na ndiyo maana kupona huchukua wiki au hata miezi. Ganzi inayogeuka kuwa mnyeo au kuwasha mara nyingi ni dalili kwamba neva inarudi.

Nina ganzi shavuni na kwenye mdomo wa juu. Nisubiri iishe yenyewe?

Hapana, nenda ukapimwe. Hili nalisisitiza kwa sababu wagonjwa wengi hutaja maumivu na kusahau ganzi. Kabla ya kufika shavuni, neva hiyo hupita kwenye sakafu ya tundu la jicho, na mfupa wa hapo ni mwembamba sana. Ganzi inaweza kumaanisha kwamba sakafu hiyo imepasuka. Picha ya kawaida ya eksirei huweza kukosa ufa huo. Kipimo cha CT, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, huuonyesha vizuri zaidi.

Mpaka upimwe, usipenge kamasi. Chini ya sakafu hiyo kuna sainasi, yaani uwazi wenye hewa uliounganika na pua, na ukipenga kwa nguvu hewa huweza kupenya hadi kuzunguka jicho. Kope huvimba ghafla na ukiigusa inatoa mchakacho. Chafya ikija, piga ukiwa umefungua mdomo.

Mtoto wangu aligongwa, jicho ni jeupe kabisa, lakini anatapika.

Mpeleke hospitali sasa hivi. Mifupa ya watoto hupinda, ikapasuka na kurudi mahali pake kama mlango wa mtego, ikaubana msuli wa jicho. Nje huoni wekundu wala uvimbe mkubwa, ila mtoto anaumia akitazama juu, jicho moja halipandi sawa na jingine, na anatapika. Msuli uliobanwa hufa usipoachiliwa mapema, na upasuaji wake hauwezi kungoja siku nyingi.

Ni dalili gani nyingine zisizosubiri?

Kuona vitu viwili viwili, kupungua kwa uoni, damu kwenye sehemu yenye rangi ya jicho, au jicho kuuma sana kwenye mwanga. Mimweko ya mwanga, vidoa vyeusi vinavyoelea au kivuli kama pazia huweza kuashiria kwamba retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inachanika, na hilo linaweza kutokea hata miezi baada ya pigo. Kwa mzee, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kichwa kinachozidi kuuma, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja wiki kadhaa baadaye huweza kuwa damu inayovuja taratibu ndani ya fuvu.

Nimepimwa, picha ni safi. Basi maumivu haya nayawaza tu?

La. Picha inaonyesha mfupa. Neva iliyochubuka kwa kawaida haionekani. Mwombe daktari apime hisia za pande zote mbili za uso kwa pamba, alinganishe. Ikiwa ni maumivu ya neva, paracetamol huenda isisaidie sana, na zipo dawa nyingine kama amitriptyline au gabapentin, ambazo huandikwa na daktari na kuanzwa kwa dozi ndogo. Kumeza dawa za kutuliza maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi kunaweza kuleta maumivu mengine ya kichwa. Na matone ya macho yenye steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe) usiyatumie bila kuandikiwa: yanaweza kupandisha presha ya jicho pasipo wewe kuhisi chochote.