Kwa nini Dumbledore mpya alipokelewa na Grindelwald mpya akazua ugomvi

Ikitangazwa kwamba filamu ya kichawi itarudi nyuma kusimulia maisha ya awali ya wahusika tunaowafahamu, mashabiki huuliza kwanza nani ataigiza. Hadithi huulizwa baadaye. Mimi ni mwalimu wa uigizaji, na hasira za mashabiki hawa nazichukulia kwa uzito, kwa sababu ndani yake mna mengi ya kujifunza kuhusu kazi yetu. Tatizo ni kwamba hutiwa zote kapu moja. Kumpa uhusika mtu mwingine kwa sababu mhusika sasa ni kijana ni jambo moja. Kumbadilisha katikati ya safari, mhusika akiwa na umri uleule, ni jambo jingine kabisa. Mfululizo wa Fantastic Beasts, filamu zinazosimulia yaliyotangulia hadithi ya Harry Potter, ulifanya yote mawili, ndiyo maana nautumia sana darasani.

Jude Law alitangazwa mwaka 2017 kuwa Albus Dumbledore, mchawi ambaye katika Harry Potter ndiye mzee mkuu wa shule ya uchawi ya Hogwarts. Kabla yake Richard Harris alikuwa ameigiza katika filamu mbili za mwanzo za Harry Potter, akafariki Oktoba 2002, na Michael Gambon akashika nafasi hiyo kuanzia filamu ya tatu, ya 2004. Mpaka leo wapo wasiomsamehe Gambon kwa ile sehemu ya filamu ya nne ambapo anamvamia Harry, anamshika kwa nguvu na kumuuliza kama ndiye aliyeweka jina lake katika Kikombe cha Moto, kile cha kichawi kinachochagua washindani. Kitabuni Dumbledore anauliza swali hilohilo kwa utulivu. Nawaelewa mashabiki hao. Hawakulalamikia sura wala ndevu. Walilalamikia pumzi. Dumbledore wa Harris alivuta pumzi ndefu na kusema polepole, na ghafla wakaletewa mzee anayehema. Mtazamaji wa kawaida hawezi kukutajia kilichobadilika, lakini mwili wake unakijua.

Law hakumwiga Harris wala Gambon, na hakuhitaji. Anapotokea kwenye hadithi ni mwaka 1927, mhusika ana miaka ya arobaini na kitu, wakati filamu za Harry zinatokea miaka ya 1990. Zaidi ya miaka 60 imelala katikati, na nafasi hiyo ni zawadi kwa mwigizaji: mtazamaji mwenyewe anakubali kwamba katika miaka yote hiyo mtu hubadilika sauti, mwendo na hata tabia. Law alibeba mambo machache tu. Utulivu wa mtu asiyeharakishwa, jicho lenye utani, na ile hali ya kujua jambo na kutolisema. Yakatosha. Trela ya filamu ya pili ya Fantastic Beasts ilipotoka mwaka 2018, lawama nyingi ziliangukia nguo, watu wakiuliza mbona mchawi amevaa suti badala ya joho. Lawama nyingine ilikuwa ya Profesa McGonagall, mwalimu wa Harry, kuonekana Hogwarts zama hizo, ilhali kwa hesabu ya mashabiki alizaliwa mwaka 1935. Malalamiko hayo hayakumhusu Fiona Glascott aliyemwigiza. Yalihusu kalenda, na naona walikuwa na haki kabisa.

Grindelwald, mchawi mwovu na adui wa Dumbledore, ni habari nyingine. Katika filamu ya kwanza, ya 2016, tunamwona kwa sura ya Colin Farrell mpaka mwishoni, uchawi unapomvua sura hiyo na Johnny Depp akajitokeza. Tangu hapo kundi moja la mashabiki lilipinga Depp kuwemo, kwa sababu ya tuhuma za mke wake wa zamani kwamba alimpiga, na J. K. Rowling, mwandishi wa hadithi hizi, akalazimika kutetea uamuzi huo hadharani mwaka 2017. Novemba 2020 Depp alishindwa kesi ya kashfa jijini London dhidi ya wachapishaji wa gazeti la The Sun. Siku chache baadaye alitangaza kwamba studio ya Warner Bros. wamemwomba ajiondoe, naye amekubali. Mwezi uohuo akatajwa Mads Mikkelsen kushika nafasi yake. Sasa likawaka kundi la pili, la waliotaka Depp arudishwe. Filamu ya tatu ikatoka Aprili 2022, mwezi uleule kesi nyingine ya Depp, dhidi ya mke huyo wa zamani, ilipoanza kurushwa mubashara kutoka Virginia. Mtu alikaa ukumbini akimtazama Mikkelsen huku kichwani akiwa mahakamani. Hakuna mwigizaji anayeweza kushindana na hilo.

Mapato yalishuka: takriban dola milioni 814 kwa filamu ya kwanza, 655 kwa ya pili, 407 kwa ya tatu. Wapo wanaosema hiyo ndiyo adhabu ya kumtoa Depp. Sikubali. Anguko la kwanza lilitokea yeye akiwa bado yumo, na filamu ya tatu ilitoka watu wakiwa bado wanarudi kwenye kumbi baada ya korona.

Kazi ya Mikkelsen mwenyewe naipenda sana. Aliacha nywele nyeupe na lile jicho lililopauka, na alieleza kwamba kumwiga Depp kungekuwa kujiua kisanii. Grindelwald wa Depp anataka kutazamwa. Wa Mikkelsen anataka kuaminiwa, na mwanasiasa anayetaka kuaminiwa anatisha zaidi. Tena alipata bahati. Katika filamu ya pili, Law na Depp hawakukutana ana kwa ana. Dumbledore alimwona mwenzake kwenye kioo tu. Kwa hiyo filamu ya tatu inapofunguka kwa wawili hao kuketi meza moja mgahawani, hakukuwa na mazoea ya zamani ya kuvunja. Angalia jinsi Mikkelsen anavyomsogelea Law kwa macho bila kuinua sauti. Huo ni uhusiano wa watu waliowahi kupendana, umejengwa upya kwa dakika chache.

Lawama yangu naipeleka kwa waandishi. Ulimwengu wao una uchawi wa kubadili sura, na wao wenyewe waliutumia katika filamu ya kwanza. Sentensi moja tu ingetosha. Walinyamaza, na ukimya huo ndio uliowaudhi hata wale waliompenda Mikkelsen. Wapenzi wa tamthilia za nje zilizoingizwa sauti za Kiswahili wanalijua jambo hili: sauti ya mhusika ikibadilika ghafla bila neno, kinachouma ni kuonekana kama mtu asiye na kumbukumbu.

Lipo kundi la kelele ambalo siliiti ukosoaji. The Rings of Power, tamthilia inayotangulia filamu za The Lord of the Rings, ilipotoka mwaka 2022, Ismael Cruz Córdova na Sophia Nomvete walitukanwa kwa rangi yao kwa kisingizio cha kulinda hadithi, na wahusika wao walikuwa wapya, hawajawahi kuigizwa na yeyote. Tofautisha na mjadala wa Galadriel, malkia wa Elf (viumbe wasiozeeka wa hadithi hiyo), aliyeigizwa na Morfydd Clark akifuata nyayo za Cate Blanchett. Maelfu ya miaka yanatenganisha Galadriel hao wawili, lakini Elf hazeeki, kwa hiyo uso haukuweza kuueleza muda huo. Ilibidi tabia iueleze, na mashabiki wakabishana kama hasira ile ni ya ujana wake kweli. Huo ni mjadala halali, na mzuri.

Sasa inasubiriwa The Hunt for Gollum, filamu nyingine ya ulimwengu wa The Lord of the Rings, itakayoongozwa na Andy Serkis na kupangwa kutoka Desemba 2027. Kitabuni anayemwinda Gollum, kiumbe aliyewahi kuimiliki Pete ya kichawi, ni shujaa Aragorn, muda mfupi tu kabla ya safari ya kwenda kuiharibu Pete hiyo. Hapo hakuna miaka 60 ya kujificha. Atakayemwigiza atapimwa moja kwa moja na Viggo Mortensen wa 2001. Mortensen naye aliingia kama mbadala. Stuart Townsend ndiye aliyechaguliwa kwanza, akaondolewa Oktoba 1999 upigaji picha ulipokuwa unaanza, lakini watazamaji hawakuwahi kumwona, hivyo hawakuwa na wa kumlilia. Mrithi wa Mortensen hatapata nafuu hiyo. Ningekuwa miongoni mwa wanaochagua, ningeacha kabisa kutafuta anayefanana naye, nikatafuta mtu anayejua kusikiliza akiwa kimya, kwa sababu nusu ya Aragorn yule ilikuwa kusikiliza.