Kivuko cha baiskeli kipimwe kwa mwenye mkaa

Saa 12 asubuhi, barabara ya Nzega inapoingia Tabora mjini, huyu amefunga magunia mawili ya mkaa, yule madumu ya asali, mwingine ni daladala wa baiskeli aliyempakia mama na mwanawe kwenye keria. Wote wanataka kuvuka barabara. Sisi wahandisi tunapochora kivuko, wa kumpimia ni yule wa mkaa. Kikimfaa yeye, hakuna ambaye kitamshinda.

Mwenye mkaa haendeshi, anasukuma, kama mita 1 kwa sekunde. Lami ya njia mbili ina upana wa mita 7 hivi na baiskeli ina urefu wa karibu mita 2. Mpaka gurudumu la nyuma litoke barabarani, sekunde 9 zimepita. Gari la kilomita 80 kwa saa hukata mita 200 katika muda huo. Lile lori aliloliona mbali kabisa, akaona linamruhusu, linamkuta katikati. Likishika kilomita 50, kikomo cha kisheria kwenye makazi, hukata mita 125. Hata kusimama ni hivyo hivyo: kwenye lami kavu, gari dogo lenye breki nzima huhitaji mita 28 hivi likiwa 50, na 57 likiwa 80. Lori lililojaa huhitaji zaidi.

Wananchi wengi hutuomba daraja la juu, na ninaelewa kwa nini: ukishazika mtu, unataka magari na watu wasikutane tena. Lakini piga hesabu. Malori yapite chini, tuache mita 5.5, ongeza unene wa daraja, tunakaribia 6. Baiskeli yenye mzigo haipandi vizuri mwinuko unaozidi mita 1 kwa kila mita 20. Hapo ni mita 120 za kupanda na 120 za kushuka, wakati ng'ambo iko hatua chache mbele yake. Atapita chini tu, na madereva watakuwa wameshazoea kwamba watu wako juu.

Ninachokitetea ni tuta pana lenye mgongo bapa, alama za pundamilia juu yake, rasta (vituta vidogo vya kumtikisa dereva) kabla ya kulifikia, taa ya usiku, na kisiwa cha kusimamia katikati ya barabara. Kisiwa ndicho roho ya kivuko. Kiwe na upana wa mita 3, maana cha mita 1 huliacha gurudumu nje. Hapo mtu anatazama upande mmoja tu, anavuka kwa sekunde 6, anapumua, kisha anatazama upande wa pili. Barabara itabidi ipanuliwe kidogo mahali hapo, na ni gharama, ila haifikii ya daraja.

Miembe yetu ya kando ya barabara isikatwe. Shina likimficha anayevuka, kivuko ndicho kisogezwe.

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa; za mitaa chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kabla ya kupeleka ombi kupitia mwenyekiti wa mtaa, hesabuni baiskeli zinazovuka kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, siku ya soko na siku ya kawaida, na ngapi zinasukumwa.