Jina Murphy: Kutoka Ó Murchadha hadi Kiazi

Wafasiri hutuuliza mara kwa mara wafanye nini wanapokutana na jina Murphy katika matini ya Kiingereza, kwa kuwa mahali pamoja ni jina la mtu, pengine ni kitanda, pengine ni sheria, na pengine, jambo linalowashangaza zaidi, ni kiazi. Hakuna jibu moja linalotosha pote, na ili tofauti hizo zieleweke ni lazima kwanza tujue jina lenyewe limetoka wapi, maana umbo lake la Kiingereza limeficha mengi.

Murphy ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote nchini Ayalandi. Robert Matheson, mtumishi wa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo mjini Dublin, alikadiria kutokana na vizazi vilivyoandikishwa mwaka 1890 kwamba akina Murphy walikuwa 62,600, wakifuatwa na akina Kelly 55,900. Hata hivyo, hawa wote si uzao wa babu mmoja. Murchadh lilikuwa jina la kawaida la mwanamume, lililoundwa kwa neno muir, yaani bahari, na cath, yaani vita, kwa maana ya mpiganaji wa baharini. Na kwa vile walioitwa hivyo walikuwa wengi, koo kadhaa zisizo na udugu zilizuka Wexford, Cork na, upande wa kaskazini, Ulster. Wengi hudhani pia kwamba akina Murphy wametokana na Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster aliyeng'olewa mwaka 1166 akaenda kuomba msaada ng'ambo, jambo lililowaleta Wanormani mwaka 1169. Si hivyo: majina yanayohusishwa hasa na uzao wa mfalme huyo ni Kavanagh na Kinsella.

Kwa Kiairishi jina la ukoo huandikwa Ó Murchadha, au Ó Murchú kwa tahajia ya leo. Ó maana yake ni mjukuu, na kwa upana zaidi mtu wa uzao wa fulani. Mac ni mwana. Mwanamke hatumii Ó. Aliyezaliwa katika ukoo huo huitwa Ní Mhurchú, ambapo Ní inafanya kazi ileile ya binti katika majina yetu ya pwani, na aliyeolewa humo huitwa Uí Mhurchú. Kiingereza kimezifuta tofauti hizo zote, baba, binti na mke wakawa Murphy tu.

Je, f ya Murphy imetoka wapi? Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko Mwingereza, kwa sababu sauti zinazohusika anazijua. Ch ya Murchadh hutamkwa kama kh ya Khamisi. Dh yake hapo kale ilikuwa kama dh ya dhambi, baadaye ikawa kama gh ya ghali, kisha ikadhoofika hadi ikapotea, ndiyo maana tahajia mpya imeiacha. Makarani waliokuwa wakiandika majina ya Waairishi kwa Kiingereza hawakuwa na kh katika lugha yao, wakaandika sauti waliyoiona iko karibu, ambayo ni f. Sisi tumefanya jambo la jinsi hiyo: kheri tuliyoipokea kutoka Kiarabu wengi wetu tunaitamka heri. Wako wachache ambao kh yao haikugeuzwa kuwa f, na jina lao huandikwa O'Morchoe.

Ile Ó iliangushwa na koo nyingi katika karne za utawala wa Kiingereza, wakati kuonekana Mwairishi hakukuwa na faida. Vuguvugu la kufufua lugha lilipopata nguvu baada ya 1893, akina O'Sullivan wengi waliirudisha, lakini akina Murphy kwa jumla hawakuirudisha. Alama ya ritifaa (') katika O' nayo ni mazoea ya uandishi wa Kiingereza. Kiairishi huweka kialama juu ya herufi yenyewe. Barack Obama, ambaye upande wa mama yake una babu aliyetoka kijiji cha Moneygall, alitania mjini Dublin mwezi Mei 2011 kwamba amekuja kutafuta alama hiyo iliyopotea. Ulikuwa utani tu, kwani O ya majina ya Kijaluo kama Otieno na Odhiambo haina uhusiano wowote na Ó hii.

Turudi kwenye matumizi. Sheria ya Murphy, isemayo kwamba kinachoweza kuharibika kitaharibika, inahusishwa na mhandisi Edward Murphy na majaribio ya mwaka 1949 katika kambi ya anga ya Edwards, California, ambako vipimo viliunganishwa kinyume. Kitanda cha Murphy, kile kinachokunjwa kikasimama ukutani, kimepewa jina la William Murphy wa San Francisco. Mwaka 1989 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua kwamba maneno hayo yamekwisha kuwa jina la kawaida la kitu, si alama ya biashara. Katika haya mawili, mfasiri abakize Murphy kama lilivyo.

Kiazi ni habari nyingine. Katika karne ya 19 Waingereza walikiita kiazi ulaya murphy kwa dhihaka, kwa kuwa ndicho kilichokuwa chakula kikuu cha maskini wa Ayalandi. Hapo mfasiri aandike kiazi, na ikiwa dhihaka ina uzito katika matini, aitafutie njia. Akitatizika, aangalie wingi wake: ukoo ni Murphys, kwa herufi kubwa na s peke yake, ilhali viazi ni murphies.