Kompyuta inayojizima yenyewe: usikimbilie kupiga Windows

Kompyuta ya mezani ikianza kujizima yenyewe, jibu ambalo wengi wetu hapa Mwanza tunapewa ni "ina virusi, ipigwe Windows upya." Mtu analipa, anapoteza mafaili, na siku chache baadaye mashine inazima tena. Inaniuma, maana kipimo cha kuanzia ni cha bure.

Iwashe, bonyeza Del au F2 uingie kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio ya mashine unaotangulia Windows), kisha iache hapo hapo. Windows bado haijaamka, kwa hiyo kirusi chake hakina pa kufanyia kazi. Ikizima hata hapo, tafuta ubovu kwenye vifaa. BIOS nyingi huonyesha joto la prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta; likizidi kupanda kuelekea nyuzi 100, mashine hujikata makusudi ili prosesa isiungue.

Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa keisi. Kwa kompyuta za steshenari zilizo karibu na ziwa, kati ya feni na mapezi ya aluminiamu yanayopoza prosesa utakuta vumbi limegandana kama blanketi, limechanganyika na wadudu wa ziwani waliofuata taa usiku. Shika feni isizunguke, toa uchafu kwa brashi laini na blowa. Joto likibaki juu, huenda pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka, ibadilishwe.

Kama joto ni la kawaida lakini inazima ukifungua gemu au kazi nzito, shuku pawa saplai, kile kiboksi kinacholisha kompyuta umeme. Jaribu nyingine nzima. Ya zamani usiifungue: kapasita zake, vifaa vinavyotunza umeme, hubaki na chaji hata ikiwa imechomolewa.