Daruma ya jicho moja: nadhiri iliyo mbali na kwao

Wengi walioletewa Daruma, mwanasesere mwekundu wa karatasi, kutoka Japani huipanga kabatini pamoja na vyombo vya wageni, macho yote mawili meupe, wakiamini bahati imeshaingia nyumbani. Daruma si hirizi. Ni nadhiri, na nadhiri haianzi mpaka mwenyewe atamke.

Nyingi hutengenezwa Takasaki, mkoani Gunma, lilipo hekalu la Shorinzan Daruma-ji. Karatasi iliyolowekwa hufinyangwa kwenye kalibu, ikikauka hubaki ganda tupu, kisha kitakoni hubandikwa donge la udongo. Donge hilo ndilo linaloiinua kila inapoangushwa, na ndipo Wajapani wanapoihusisha na msemo wao wa kuanguka mara saba na kuinuka mara nane. Haina mikono wala miguu kwa kuwa inamwakilisha Bodhidharma, mtawa wa Kibuddha anayesimuliwa kukaa miaka 9 akitafakari, uso ukutani. Isogeze karibu uone: nyusi zimechorwa mfano wa korongo, ndevu mfano wa kobe, viumbe vinavyosemwa huishi miaka 1,000 na miaka 10,000.

Weka nia moja tu, inayopimika. "Nifanikiwe" haitoshi, "nifaulu mtihani wa udereva kabla ya Desemba" inatosha. Iandike mgongoni au chini ya kitako, halafu paka jicho la kushoto. La kushoto ni la Daruma yenyewe, yaani lililo kuliani kwako mkitazamana, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Kalamu ya wino wa maji huacha michirizi juu ya rangi inayong'aa, kwa hiyo tumia makapeni ya wino usiofutika, au brashi na wino mweusi mzito. Anza katikati ukizungusha kwenda nje. Ilaze chali, uibane kwa taulo lililokunjwa hadi wino ukauke. Usipoibana itainuka yenyewe na wino utashuka mashavuni.

Iweke usawa wa macho, mahali unapopita kila siku. Jua la dirishani hupausha wekundu wake, na mvuke wa jikoni hulegeza karatasi hadi kitako kinabanduka.

Kwa anayeishi ugenini thamani yake iko hapo. Jamaa wa kumuuliza jioni amefikia wapi hayupo. Lile jicho tupu linamuuliza kila anapopita.

Nia ikitimia, paka jicho la kulia. Kwa desturi, baada ya mwaka Daruma hurudishwa hekaluni ikachomwe kwa ibada ya shukrani. Ukiwa mbali, usijaribu kuichoma kwenye fleti: rangi hutoa moshi mbaya na udongo hauungui. Kama kuna mtu anayesafiri kwenda Japani, mpe airudishe. Asipopatikana, fanya kama wafanyavyo hata Wajapani wasioweza kufika hekaluni: tandaza karatasi nyeupe, iweke juu yake, nyunyiza chumvi kidogo, shukuru, ifunge vizuri, uitupe ikiwa ndani ya mfuko wake peke yake, isichanganywe na mabaki ya chakula.

Na nia isipotimia? Iage hivyo hivyo, kwa shukrani ile ile, na jicho lake moja. Si aibu. Chukua nyingine, uandike nia ile ile upya.