Acheni kuisingizia chumvi

Juzi nilikuwa nafundisha kundi dogo la watu wanaojifunza kupika bila nyama. Maharage yalikuwa yameshalowekwa, sufuria iko motoni, nimechota chumvi, na kabla sijaitia mama mmoja akanishika mkono. "Mwalimu, usitie sasa, hayataiva!" Wenzake wote wakaitikia. Kila kundi lina mtu wa kunishika mkono, na mara nyingi ni mpishi mzuri kabisa, aliyefundishwa hivyo na mama yake naye akifundishwa na bibi. Leo naliandika lote, maana nimechoka kulieleza nikiwa nimeshika kijiko hewani.

Chumvi haizuii maharage kuiva. Inayasaidia.

Kinachoshikilia ganda la harage na seli zake pamoja ni pektini, ileile inayogandisha jemu. Kwenye harage kavu pektini hiyo imefungwa na kalsiamu na magnesiamu, kama matofali yaliyoshikwa na saruji. Sodiamu ya kwenye chumvi huchukua nafasi ya baadhi ya madini hayo, na yenyewe haina nguvu ya kufunga kama kalsiamu. Ganda hulegea. Ndiyo sababu naloweka usiku kucha kwenye maji yenye gramu 15 za chumvi kwa kila lita 1, asubuhi namwaga, nasuuza, napika kwa maji mapya na chumvi kidogo tena. Ni kweli kwamba ndani ya maji ya chumvi harage hunywa maji polepole kidogo, na ukizidisha chumvi utaliona hilo. Lakini kunywa maji polepole si kukataa kuiva. Na wewe unayetia chumvi mwishoni, onja vizuri: mchuzi umekolea, harage lenyewe chapwa.

Basi kwa nini yako yalikaa motoni saa 4 yakabaki kama kokoto? Kwa sababu ni ya zamani. Hapa ndipo ninapowakasirikia watu wanaochagua nyanya moja moja, wanaobonyeza kila parachichi, halafu wanachota maharage bila kuuliza lolote, eti kikavu hakina msimu. Kina msimu! Harage lililovunwa juzi na lililokaa miaka 2 kwenye joto na unyevu ni vyakula viwili tofauti. Mbegu huweka fosforasi yake kwenye kiambata kiitwacho faiteti, ambacho pia hushika kalsiamu na magnesiamu. Likikaa kwenye joto na unyevu, vimeng'enya vya harage lenyewe hukivunja, madini yale yanaachiwa, nayo yanakwenda kukaza pektini. Saruji inaongezeka kabla hujawasha moto.

Maelezo hayo ndiyo yanayoshika zaidi, nami nayafundisha, ila hayatoshi kueleza kila sufuria iliyopita mikononi mwangu. Nimewahi kupika maharage makuukuu yakaiva vizuri, na mapya yakanishinda. Wala siwezi kuutambua umri kwa macho kila mara. Rangi iliyofifia na ganda lililokunjamana kabla ya kulowekwa hunitia shaka, basi. Kwa hiyo nauliza yalivunwa lini, nanunua machache, napika kwanza kikombe kimoja. Muda wa kupika unaoandikwa vitabuni siuamini hata kidogo.

Mtuhumiwa wa pili ni uchachu. Nyanya, ndimu, ukwaju, siki: vyote huifanya pektini iwe ngumu kuvunjika. Nadhani hapa ndipo chumvi ilipoponzwa, kwa kuwa anayetia chumvi mapema mara nyingi huwa ameshaunga na nyanya. Yakikataa kuiva anakumbuka chumvi na kuisahau nyanya. Msimu wa nyanya najua kishawishi ni kikubwa, zimejaa kapuni na zimeiva hadi zinapasuka. Zisubiri. Harage likishalainika kabisa ndipo uunge, na majani mabichi ya msimu yafuate dakika chache kabla ya kuepua.

Maji magumu, yale yasiyotoa povu la sabuni, yana kalsiamu yake tayari, nayo huchelewesha. Magadi huharakisha kweli, lakini hupunguza vitamini B1, na yakizidi mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni. Mimi hutia ncha ya kijiko pale tu maji yanaponilazimu. Ukikaa nyanda za juu, maji huchemka kwenye joto la chini zaidi, kwa hiyo ongeza muda au tumia sufuria ya presha.

Jambo moja silipitii haraka. Maharage mekundu makubwa yana sumu inayovunjwa na mchemko wa nguvu. Yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa maji mapya yakitokota kwelikweli kwa dakika 30 kabla ya kupunguza moto. Moto hafifu tangu mwanzo hauiondoi sumu hiyo, na hata machache ambayo hayajaiva hutapisha na kuharisha.

Kujua kama yameiva, usionje moja. Onja matano kutoka sehemu mbalimbali za sufuria. Liweke harage kati ya ulimi na kaakaa, ulibonyeze bila meno: liwe laini mpaka katikati, lisibaki na kiini cha unga.

Turudi kwa yule mama. Nilimpa sufuria yake, maharage yaleyale, ila yake yalilowekwa bila chumvi. Yangu yakapikwa kando kwa moto uleule. Yangu yakatangulia kidogo kuiva. Ya kwake mengi yalikuwa yamepasuka, maganda yakielea juu, na mengine bado yanakaza katikati. Ya kwangu yalikuwa mazima, ganda halisikiki mdomoni. Akaonja matano, akarudia matano mengine, akanyamaza. Kisha akauliza yale tuliyopika ni ya mavuno ya lini, na kama yamebaki.